Jinsi ya kufuatilia TIPS kwa ultrasaundi ya dopla, kwa anayeshika probu na kwa mgonjwa mwenyewe

Mgonjwa alikuwa anatapika damu, au tumbo linajaa maji kila mara hata akitolewa leo wiki mbili mbele limerudi pale pale, ndugu wakachanga, akapelekwa India, akawekewa stenti (kijibomba cha chuma) ndani ya ini, karudi nyumbani na bahasha kubwa ya CD na makaratasi. Kwenye karatasi ya mwisho kuna mstari mmoja tu, eti afanyiwe dopla ya ini, yaani ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea, kila baada ya miezi kadhaa. Basi anaingia chumba cha ultrasaundi cha hospitali ya mkoa, na sonografa aliyepo pale yeye kila siku anapima mimba, figo na mawe ya nyongo, stenti ya namna hii hajawahi kuiona. Nawaandikia hao wawili, sonografa na mgonjwa, maana wote wanahangaika na kitu ambacho kikieleweka wala sio kigumu hivyo.

Jambo moja nataka likukae kabla ya yote: kwenye TIPS, ndiyo hiyo stenti ya ndani ya ini, namba ya leo ya spidi ya damu peke yake haisemi kitu, inasema ikikaa pembeni ya namba ya mgonjwa huyo huyo ya mwanzo. Hatua zote hapo chini zinazunguka hapo.

Kilichofanyika ndani ya ini

Ini likishakuwa na makovu mengi, iwe kwa homa ya ini B, pombe au sababu nyingine, damu inayotoka kwenye utumbo na bandama kupitia vena porta inashindwa kupenya, presha inapanda, damu inatafuta njia za pembeni, na mojawapo ni mishipa ya koo la chakula ambayo inavimba na kupasuka. Kwenye TIPS daktari anaingia na waya kupitia mshipa wa shingo, anashuka mpaka kwenye vena ya ini, anatoboa nyama ya ini mpaka anaikuta vena porta, alafu anaweka stenti ya chuma kati ya hizo mbili, kwa kawaida yenye upana wa milimita 8 mpaka 10. Damu inapata mchepuo, inaruka ini na kwenda moja kwa moja kwenye moyo. Lengo ni ile tofauti ya presha kati ya porta na mshipa mkubwa unaokwenda kwenye moyo (vena kava) ishuke chini ya milimita 12 za zebaki.

Stenti ya chuma kwa binadamu ilianza kuwekwa hivi kule Freiburg, Ujerumani, mwaka 1988. Zile za mwanzo zilikuwa chuma kitupu, nyama ilikuwa inaota kwa ndani na zinabana haraka, wengi hata mwaka hauishi. Siku hizi zinawekwa zenye kitambaa cha PTFE, inayojulikana zaidi ni Viatorr ambayo Marekani iliruhusiwa mwaka 2004, na hizo zinakaa wazi muda mrefu zaidi. Ila na zenyewe zinabana, na pale zinapobana sana sana ni upande wa juu, kule stenti inapomalizikia kwenye vena ya ini. Weka alama hapo kichwani, jicho lako litatakiwa likae hapo kuliko sehemu nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Mgonjwa aje lini

Kipimo cha kwanza, kile cha kuwa msingi, kifanyike kama wiki moja mpaka mbili baada ya stenti kuwekwa. Watu wengi wanakosea hapa kwa haraka. Kile kitambaa cha PTFE kikiwa kipya kina vihewa vidogo vidogo ndani yake, na hewa na ultrasaundi havipatani, kwa hiyo siku za kwanza ukiweka probu unaona kivuli cheusi tu na rangi ya dopla, ile inayoonyesha damu, haiingii kabisa. Mtu asiyejua anaandika stenti imeziba, familia inachanganyikiwa, daktari anampandisha mgonjwa kwenye CT au kumrudisha theatre bure. Ukimuona ndani ya siku tano za mwanzo na huoni damu kwenye stenti yenye kitambaa, andika kwamba haionekani kwa sababu ya hewa, arudi baada ya wiki. Kuandika imeziba hapo ni kumuonea.

Baada ya hapo, ratiba ya kawaida ni miezi mitatu, kisha miezi sita tangu kuwekwa, alafu kila miezi sita maisha yote. Hospitali zinatofautiana kidogo, fuata ya aliyeweka stenti kama imeandikwa. Na hiyo ya kila miezi sita inakwenda vizuri na kipimo cha kutafuta uvimbe wa saratani ya ini, ambacho mwenye sirosisi, yaani ini lenye makovu, anatakiwa kufanyiwa vile vile kila miezi sita, kwa hiyo fanya vyote siku moja, usimpandishe mtu basi mara mbili.

Kuna asiyetakiwa kusubiri ratiba: aliyetapika damu, anayepata choo cheusi tii, ambaye tumbo limeanza kujaa tena, au ameanza kuchanganyikiwa. Huyo ni leo leo, na anayetapika damu anaanzia emajensi, ultrasaundi itafuata.

Hatua ya 2: Kabla hajalala kitandani

Asile kwa muda wa masaa 4 mpaka 6 kabla ya kipimo. Dawa zake anywe na maji kidogo. Mwenye sukari mpange awe wa kwanza asubuhi, usimwache benchi mpaka saa saba mchana na njaa.

Alafu omba makaratasi, na usiridhike na kuambiwa yapo nyumbani. Unatafuta vitu vinne: tarehe ya kuwekwa, aina ya stenti na upana wake, imetoka tawi gani la porta kwenda vena ipi ya ini, na namba za dopla ya kwanza. Wengi wanabaki na CD ya picha za theatre lakini hawana karatasi ya dopla, maana waliruhusiwa na kupanda ndege kabla ya ile wiki kuisha. Kama hana, basi kipimo chako wewe ndio kinakuwa msingi, na hapo ujue una kazi kubwa zaidi kuliko ulivyodhani, kwa sababu watakaokuja miaka mitatu mbele watajilinganisha na wewe.

Mgonjwa unayesoma hapa, piga picha hiyo karatasi kwa simu, mtumie na mwanao au ndugu yako mmoja. Inapotea kirahisi sana na haina mbadala.

Hatua ya 3: Angalia kwanza bila rangi

Probu ya tumbo ile ya mviringo, 2 mpaka 5 MHz. Mlaze chali, alafu ageuke kidogo ubavu wa kushoto, mkono wa kulia juu ya kichwa, ingia kati ya mbavu upande wa kulia. Stenti utaijua tu: mistari miwili inayong'aa, inakwenda sambamba na imejikunja, inatoka kwenye porta kupanda kwenye vena ya ini. Ifuate mwanzo mpaka mwisho. Imekunjika ghafla mahali? Ncha ya juu imefika karibu na vena kava au imeishia ndani ya vena ya ini? Ikiishia njiani, kile kipande cha vena kilichobaki wazi ndicho kinachopenda kubana.

Kabla hujawasha rangi pima bandama, angalia maji tumboni yapo kiasi gani, pitia ini lote kutafuta vivimbe. Haya wengi wanayaacha mwisho alafu wanasahau kwa sababu wamechoka na dopla.

Hatua ya 4: Washa rangi, tafuta damu inaelekea wapi

Kwanza tazama ule mstari wa rangi pembeni ya skrini ujue nyekundu ni kuja kwenye probu au kwenda. Kuna aliyekutangulia asubuhi kageuza mashine na hajarudisha.

Kwenye vena porta kuu damu lazima ielekee kwenye ini. Ndani ya stenti, kutoka porta kwenda vena ya ini. Kwa kuwa stenti imejikunja unaweza kuona upande mmoja nyekundu na mwingine bluu, hiyo ni engo tu ya probu, damu haijageuka, usiogope.

Matawi ya porta ndani ya ini ndio yanawachanganya watu. Kwa mtu wa kawaida damu inaingia kwenye matawi kwenda kulisha ini. Baada ya TIPS kufanya kazi vizuri, mara nyingi damu kwenye matawi inageuka, inarudi nyuma kuifuata stenti kwa sababu huko ndiko kwenye presha ndogo. Rahisi kuliko yote ni tawi la kushoto: weka probu chini ya chembe ya moyo, lile tawi lilikuwa nyekundu linakuja kwako, sasa liko bluu linakukimbia. Hiyo ni dalili nzuri. Miezi sita mbele ukikuta limerudi nyekundu wakati kwenye msingi lilikuwa bluu, stuka, kuna uwezekano stenti imeanza kubana na damu imekosa sababu ya kuifuata.

Ila kabla hujastuka tafuta kama kuna mshipa wa kitovu uliofunguka, ule unaotoka kwenye tawi la kushoto kushuka ukuta wa tumbo. Ukiwepo na ni mkubwa, unavuta damu kwake, na tawi la kushoto linaweza kubaki nyekundu siku zote hata stenti ikiwa salama kabisa. Kwa mgonjwa wa hivyo tegemea zaidi tawi la kulia na stenti yenyewe.

Hatua ya 5: Kupima spidi

Hapa kaa, usikimbie. Unapima sehemu tano, zile zile kila mara: vena porta kuu kabla ya stenti, stenti upande wa porta, stenti katikati, stenti upande wa vena ya ini, na vena ya ini pale mbele ya stenti kuelekea vena kava.

Adui wako mkubwa ni engo. Usipite digrii 60, na ukiweza kushuka chini ya hapo shuka. Nikupe hesabu uone kwa nini. Damu inakimbia sentimita 150 kwa sekunde, engo ya kweli ni 60, wewe mkono umeteleza umeweka 65, mashine itakuandikia kama 177. Umeongeza asilimia 18 kwa digrii tano tu. Kosa hilo hilo la digrii tano ukiwa kwenye 30 unapata kama 159, ambayo haimuumizi mtu. Na kwa kuwa stenti imejikunja, engo inabadilika kila unaposogea, kwa hiyo irekebishe kwenye kila sehemu, sio uweke mara moja alafu ushuke nayo mpaka mwisho.

Cha pili ni pumzi. Watu wamezoea kumwambia mgonjwa avute pumzi yote abane, kama kwenye x-ray ya kifua. Pumzi kubwa inabadilisha presha ya tumbo na spidi ndani ya stenti inashuka, unabaki unatafuta kubana kusikokuwepo. Mwambie polepole: "Mzee, pumua tu kawaida... haya, simama hapo hapo, usivute." Sekunde tatu nne zinatosha kupata mawimbi matatu mazuri. Mwenye maji mengi tumboni anahema juu juu na hawezi hata hizo, mpe muda apumzike katikati ya sehemu na sehemu.

Skeli (kiwango cha spidi kwenye mashine) ya stenti iwe juu mpaka rangi itulie, ikiwa chini utaona michanganyiko ya rangi kila mahali. Ukihamia vena porta kuu ishushe tena maana damu ya pale ni taratibu. Geti, kile kidirisha cha kuchukulia kipimo, iwe ndogo, katikati ya mshipa, isiguse ukuta.

Na kama kwenye stenti huoni damu kabisa, bado usiandike. Shusha skeli, shusha filta, pandisha geini mpaka vumbi lianze kutokea kisha rudi kidogo, jaribu dopla ya pawa, badilisha nafasi kati ya mbavu ili mshipa usiwe wima na mawimbi, maana kwenye digrii 90 hata mto mkubwa utaonekana umesimama. Ukifanya yote hayo na bado kimya, sasa inua simu kwa daktari muda huo huo, usimpe mgonjwa bahasha akasubiri kliniki ya wiki ijayo.

Hatua ya 6: Namba zinasemaje

Zinazotumika sana ni hizi. Ndani ya stenti, kati ya sentimita 90 na 190 kwa sekunde inahesabiwa kawaida. Vena porta kuu iwe juu ya 30, na kwa kawaida baada ya TIPS inapanda kabisa kuliko ilivyokuwa mwanzo, 40 na kuendelea sio ajabu. Stenti ikishuka chini ya 50 au 60, au sehemu moja ikaruka juu ya 200 mpaka 250, fikiria kubana. Na ile ninayoipa uzito mimi: spidi ikibadilika kwa zaidi ya 50 ukilinganisha na msingi, sehemu ile ile, iwe imepanda au imeshuka.

Chukua wagonjwa wawili wa mfano. Wa kwanza msingi wake katikati ya stenti ulikuwa 170, leo ni 110. Ukiangalia jedwali la ukutani, 110 iko ndani ya kawaida, utampa mkono aende. Lakini ameshuka 60, porta kuu imetoka 44 ikawa 29, na tawi la kushoto limegeuka. Huyo stenti yake inabana. Wa pili msingi ulikuwa 205, leo 198, matawi yako vile vile, porta 48, hana maji tumboni, anakula, anatembea. Jedwali linasema yuko nje ya kawaida, lakini ukweli ni kwamba yuko vile vile alivyokuwa tangu siku ya kwanza, na hana haja ya kutobolewa shingo tena. Stenti hizi za kitambaa zinatoa sana namba za hivi, nje kidogo ya jedwali na hakuna shida yoyote, ndio maana nasisitiza msingi mpaka wengine wananiona nasumbua.

Ukikuta sehemu spidi imeruka ghafla, tuseme katikati 95 alafu ncha ya juu 260 na mawimbi yamechafuka, hapo hapo ndipo palipobana. Angalia pia vena ya ini inayopokea stenti, damu ikirudi kinyumenyume ndani yake ni dalili nyingine ya kubana upande huo.

Kuna na upande wa pili ambao mashine haisemi vizuri, damu kupita nyingi kuliko inavyotakiwa. Ini halipati nafasi ya kusafisha, amonia, sumu inayotoka utumboni, inapanda kichwani. Hii inaonwa na wa nyumbani kabla yako: baba analala mchana kutwa na usiku yuko macho, anasahau majina, mikono inapigapiga akinyoosha, hasira zisizo zake. Muulize mke au mtoto aliyemleta, sio mgonjwa peke yake, na uandike kwenye ripoti. Daktari ataanza na dawa ya laktulosi na mengine, ikishindikana stenti inaweza kupunguzwa upana.

Akiwa na shanti ya upasuaji

Kanda ya Ziwa kuna kichocho cha tumbo, kile kinachoweka makovu kuzunguka matawi ya porta huku ini lenyewe bado lina nguvu, na mgonjwa wa hivyo anaweza kuja na shanti ya upasuaji, yaani mchepuo wa damu uliotengenezwa kwa kisu, kati ya mshipa wa bandama na mshipa wa figo ya kushoto. Hapo hutafuti stenti. Mlaze kwa ubavu wa kulia, tumia bandama kama dirisha kama haijatolewa, fuata mshipa wake mpaka kwenye figo. Ile sehemu ya kuunganisha mara nyingi inafichwa na gesi, kwa hiyo tafuta dalili za pembeni: mshipa wa figo ya kushoto umetanuka, damu ndani yake inakimbia na imechafuka pale shanti inapoingia. Kwa ile shanti ya daktari wa upasuaji Warren na wenzake ya mwaka 1967, ambayo bandama inaachwa, damu ya bandama inakwenda kwenye figo huku porta ikiendelea kuingia kwenye ini, usitegemee matawi kugeuka kama kwenye TIPS. Soma karatasi ya upasuaji kwanza, bila hiyo utatafsiri kinyume.

Hatua ya 7: Ripoti

Usiandike "TIPS iko sawa". Haimsaidii mtu. Andika namba zote tano, engo uliyotumia, mwelekeo wa kila tawi, na msingi pembeni. Kitu kama hiki, na ya tano, ya vena ya ini mbele ya stenti, iongezwe vile vile:

Vena porta kuu 42, kuelekea ini (msingi 45). Stenti upande wa porta 118 (msingi 124), katikati 140 (msingi 151), upande wa vena ya ini 152 (msingi 149). Engo chini ya 60 kote. Tawi la kushoto na la kulia yanaelekea kwenye stenti, kama mwanzo. Hakuna maji tumboni. Bandama sentimita 15, haijabadilika. Hakuna uvimbe ulioonekana kwenye ini.

Mistari michache tu hiyo, na daktari yeyote, awe Mwanza, Nairobi au Chennai, akiisoma anajua cha kufanya. Ambatanisha picha za mawimbi zenye engo inayoonekana. Kama una wasiwasi na hospitali yako haina mtu wa radiolojia ya tiba (wanaotibu kwa waya na picha, kama walivyoweka stenti), picha hizo zitumwe kwa wenye uzoefu nayo, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Dar, wanafundisha madaktari wa fani hiyo, na zipelekwe pia kwa timu iliyoweka stenti.

Mwisho, dopla ikiwa nzuri na mgonjwa mbaya, mwamini mgonjwa. Ultrasaundi inakosa baadhi ya stenti zilizobana, hasa kwa mtu mnene, mwenye gesi nyingi au maji mengi. Aliyetapika damu tena au tumbo limerudi kujaa anatakiwa kupimwa presha yenyewe ndani ya mshipa, kwa waya kupitia shingoni kama alivyowekewa, na pale pale wakikuta imebana wanaipanua kwa puto. Kwa hiyo kwenye ripoti ya mtu kama huyo, chini ya namba zako nzuri, ongeza sentensi moja: dalili zimerudi, nashauri apimwe presha ya porta hata kama dopla haijaonyesha kubana.